Ampu ndogo ya valvu yenye chaneli mbili: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ampu ya gitaa, ndizo hulaumiwa kwanza. Ampu ikivuma ni valvu, ikinyamaza ni valvu, ikikwaruza ni valvu. Mpiga solo anaagiza jozi mpya kutoka nje, anasubiri mzigo ufike, anazipachika, na ampu inavuma vilevile kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye waya wa gitaa. Malalamiko ya wapigaji, wawe wa bendi, wa kanisani au wa chumbani, hujirudia, na mengi humalizika bila kununua valvu hata moja. Hapa yamepangwa kwa dalili. Chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, cha nadra kimewekwa mwisho.

Ampu inayozungumziwa ni ya wati 5 hadi 20, iwe kichwa peke yake au kombo yenye spika ndani, ikiwa na chaneli safi na chaneli ya geini. Mbele huwa na valvu ndogo za 12AX7, ambazo Ulaya huitwa ECC83, mara nyingi mbili au tatu. Nyuma kuna valvu za nguvu zinazosukuma spika, kwa kawaida jozi ya EL84 au 6V6.

Kabla ya yote: visivyofanywa

Ndani ya kasha la chuma kuna umeme wa DC wa volti 300 na zaidi, na kapasita kubwa hubaki na umeme huo hata plagi ikiwa imechomolewa. Huo ni umeme wa kuua. Kwa hiyo vipimo vyote vilivyomo humu hufanyika kwa nje: nyaya, matundu, fyuzi ya nje, na valvu zinazofikika kwa nyuma bila kufungua kasha. Valvu haiguswi kwa mkono mpaka plagi itoke ukutani na ampu ipoe. EL84 iliyotoka kupigwa huunguza kidole vibaya, na ikiguswa na kitambaa chenye maji kioo hupasuka.

Sharti la pili ni spika. Ampu ya valvu haiwashwi bila spika iliyochomekwa. Transfoma ya kutolea sauti inahitaji mzigo. Ikiukosa, halafu mtu akapiga nyuzi, volti hupanda humo ndani mpaka cheche ziruke na kuunguza transfoma au soketi za valvu. Kwenye ampu ndogo, transfoma hiyo ni kati ya vipuri vya bei kubwa kuliko vyote. Waliozoea ampu za transista hawalijui hili, ndiyo maana linarudiwa kila mahali.

Gawa tatizo kabla ya kulitafuta

Kwa kelele ya aina yoyote, hiki ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji hata bisibisi.

Chomoa gitaa kwenye ampu na uiache ampu imewaka. Kwenye ampu nyingi tundu la gitaa likiwa tupu hujifunga lenyewe na arthi, kwa hiyo hakuna kinachoingia. Kelele ikitoweka, ampu ni nzima: tafuta kwenye gitaa, waya au pedali. Kelele ikibaki, shusha volyumu ya chaneli unayotumia hadi sifuri. Ikitoweka hapo, chanzo kiko kabla ya volyumu, na mshukiwa wa kwanza ni 12AX7 iliyo karibu zaidi na tundu la gitaa. Ikiwa bado ipo, badili chaneli. Kelele inayosikika kwenye chaneli moja tu imejifunga kwenye valvu au sakiti ya chaneli hiyo. Kelele inayosikika kote, hata masta (volyumu ya jumla) ikiwa sifuri, inatoka nyuma: valvu za nguvu, kapasita za kuchujia umeme, au transfoma.

Andika ulichokipata. Fundi atakuuliza hayohayo, na akikuta majibu tayari hatatumia saa nzima kuyatafuta.

“Haiwaki kabisa”

Taa ya mbele haipo, valvu hazionyeshi rangi ya chungwa. Jaribu soketi ya ukutani kwa chaja ya simu. Kisha tazama fyuzi ya kwenye plagi yenyewe: plagi za pini tatu bapa zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda zina fyuzi ndani, na watu wengi huisahau kwa sababu wanafikiria fyuzi ya ampu tu. Kwa ampu ya ukubwa huu ya 3A inatosha. Sukuma pia waya wa umeme mpaka mwisho nyuma ya ampu, maana hulegea ampu ikibebwa kwenye bodaboda au buti la gari.

Fyuzi ya ampu ndiyo inayofuata. Mara nyingi imo kwenye kidroo kidogo chini ya tundu la umeme, na pengine ya akiba iko humo humo. Ipime kwa mita, maana uzi wa fyuzi unaweza kuonekana mzima kwa macho na huku umekatika kwenye kofia. Unaponunua nyingine soma maandishi: T maana yake inachelewa kukatika, F inakatika upesi. Ampu za valvu huvuta umeme mwingi zinapoanza, kwa hiyo karibu zote hutumia T. Ukiweka F yenye ampia zilezile, itaungua kila unapowasha na utadhani ampu ni mbovu.

“Fyuzi inaungua tena na tena”

Chanzo kikuu huku kwetu kinatoka nje ya ampu. Ampu iliyonunuliwa Marekani imetengenezewa volti 120, ya Japani volti 100, na soketi zetu zinatoa 230 au 240. Soma bamba la nyuma. Kama imeandikwa volti moja tu na si ya huku, inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ampu ya wati 15 huvuta umeme mwingi kuliko jina lake, yaani wati 60 hadi 100 hivi, kwa hiyo chukua transfoma ya wati 200 ili isichemke. Vile vikonveta vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri wenye mashine za kukausha nywele havifai hapa hata kidogo. Jua pia kwamba umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wetu ni 50: transfoma ya ampu iliyotengenezewa hezi 60 tu hupata joto zaidi kwenye 50, hata volti zikiwa sahihi. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja, ipumzishe.

Kama volti ni sahihi, angalia fyuzi inakatika wakati gani. Ikikatika papo hapo unapowasha, kuna shoti: valvu ya nguvu, daiodi au transfoma ya umeme. Ikikatika unapotoa STANDBY, swichi inayoruhusu umeme mkubwa ufike kwenye valvu, washukiwa ni valvu za nguvu. Ikidumu dakika chache ndipo ikatike, soma sehemu ya bamba jekundu huko chini.

Unaweza kufanya kipimo kimoja. Chomoa plagi, subiri ipoe, toa valvu za nguvu zote, weka fyuzi mpya ya namba ileile, washa kwa sekunde chache tu kisha zima. Fyuzi ikisalimika, huenda valvu mojawapo ilikuwa na shoti. Ikiungua tena, acha. Fyuzi ya pili ikiungua, ya tatu haina jipya la kukuambia, na hapo ni kazi ya fundi.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara haizungushwi kwenye fyuzi. Wala fyuzi ya ampia kubwa haiwekwi “kwa leo tu, shoo ikiisha tutabadilisha”. Kitakachoungua badala ya fyuzi ni transfoma.

“Imewaka vizuri, sauti hakuna”

Hii ndiyo inayoletwa kwa fundi mara nyingi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Fuata mpangilio huu:

1. Swichi ya STANDBY iko wapi? Kwenye ampu ambazo alama zimefutika, watu hukosea upande.
2. Gitaa moja kwa moja kwenye ampu, pedali zote pembeni, waya mwingine unaojulikana kuwa mzima. Volyumu ya gitaa yenyewe juu.
3. Volyumu ya chaneli na masta zote mbili juu kidogo. Chaneli ya geini nyingi zina nobu tatu zinazohusu ukubwa wa sauti, na moja ikiwa sifuri hakuna kinachotoka.
4. Waya wa spika umechomekwa, tena kwenye tundu la spika na siyo la hedifoni au la laini.
5. Matundu ya efekti nyuma, SEND na RETURN. Chukua waya mfupi wa pedali, uunganishe moja hadi jingine.

Hilo la tano ndilo la kukaa nalo. Ndani ya tundu la RETURN kuna kibanzi cha chuma kinachopitisha sauti tundu likiwa tupu. Tusipotumia tundu hilo kwa mwaka mzima, na hasa kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Unguja, kibanzi hupata kutu nyembamba na sauti hukatika, au huja na kupotea. Ukiweka waya mfupi na sauti ikarudi, umepata jibu. Zima ampu, chomoa plagi, kisha puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye jeki na siyo ndani ya ampu, uingize na kuitoa jeki mara kadhaa. Dawa iwe ya vifaa vya elektroniki, isiyoacha mafuta. Ile ya kulainishia bawaba za mlango huacha utelezi unaokamata vumbi, na baada ya miezi tundu linakuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Kama bado kimya, pima spika. Ampu izimwe na plagi itoke, kisha chomoa waya wa spika kwenye ampu. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye jeki ya waya huo, ncha na shina, kwa nukta moja. Spika nzima itatoa “tok” na karatasi yake itasogea. Kwa mita, spika ya omu 8 husoma 6 hadi 7 hivi, ya 16 husoma karibu 12 au 13. Ikisoma hakuna kitu, koili imekatika au waya umekatika. Waya wa spika uwe wa spika kweli. Waya wa gitaa unafanana nao kwa nje, lakini uzi wake wa katikati ni mwembamba kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo tazama valvu. Je, zote zina mwanga wa chungwa? Isiyowaka huenda imekufa au imelegea. Kama zote zinawaka na spika haitoi hata mvumo mdogo kabisa, huenda ni fyuzi ya umeme mkubwa, ile ya pili ambayo baadhi ya ampu wanayo nyuma na nyingine wameificha ndani. Ya nje badilisha mara moja. Ya ndani mwachie fundi.

“Inavuma”

Mvumo kidogo ni hali ya kawaida ya valvu. Tatizo ni mvumo unaoshindana na gitaa.

Anza na gitaa. Pikapu za koili moja hukamata mvumo wa nyaya za ukutani, taa za kupunguzwa mwanga, chaja na skrini. Geuka taratibu ukiwa na gitaa mkononi: mvumo ukipungua ukielekea upande fulani, ampu haihusiki. Mvumo ukikoma ukigusa nyuzi, hilo pia ni la gitaa na waya. Na mlio wa “tititi-tititi” ni simu iliyowekwa juu ya ampu. Iondoe.

Chanzo cha pili ni njia mbili za arthi. Ampu iko soketi moja, kompyuta au mikisa iko soketi nyingine, na waya wa sauti unaziunganisha. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzima. Wengine hukata pini ya arthi na mvumo unaisha kweli. Usifanye hivyo, kwa sababu utakazozisoma kwenye sehemu inayofuata.

Kama kipimo cha kugawa kimekuonyesha mvumo unatoka nyuma ya ampu, tumia gitaa kuutambua. Umeme wetu ni wa hezi 50. Umeme ukishageuzwa kuwa DC, mabaki yake ya mvumo huwa hezi 100. Piga uzi mnene kabisa kwenye freti ya tatu, noti ya G: hiyo ni hezi 98, jirani kabisa. Ukisikia mvumo umesimama karibu na noti hiyo, tena una ukali kama wa nyuki, kapasita za kuchujia umeme zimechoka, au valvu za nguvu hazilingani, yaani moja inavuta kuliko mwenzake. Mvumo wa oktavu moja chini yake, mzito na laini, unaelekeza kwenye arthi, kwenye umeme wa nyuzi za valvu, au kwenye 12AX7 inayovujisha. Spika ndogo haitoi vizuri sauti ya chini hivyo, kwa hiyo sikiliza kwa makini kabla ya kuamua.

Jozi ya valvu za nguvu hubadilishwa kwa pamoja, zikiwa zimepimwa kulingana. Ampu nyingi ndogo za EL84 hujirekebisha zenyewe, unapachika na kupiga. Zile zenye mpangilio wa bayasi, yaani volti inayoamua valvu ivute umeme kiasi gani, hasa za 6V6, zinahitaji fundi apime kabla ya kutumika. Kitabu cha ampu kitasema iko kundi gani. Kapasita za kuchujia ni za fundi moja kwa moja.

“Nikigusa maiki na mdomo napigwa shoti”

Acha kupiga. Sasa hivi, hata kama wimbo haujaisha.

Nyuzi za gitaa zimeungana na kasha la ampu, na kasha linatakiwa liwe limeungana na ardhi. Maiki nayo imeungana na kasha la mikisa. Ukipigwa shoti kati ya viwili hivyo, kimojawapo hakina arthi au kina umeme unaovuja. Sababu ya kawaida ni jengo: soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya tundu la juu hakuna waya wowote, au ekstensheni ya mtaani ina nyaya mbili tu ndani. Inayofuata ni pini iliyokatwa, au adapta inayopitisha pini mbili. Kisha kuna ampu ya zamani ya Marekani yenye waya wa pini mbili na kapasita inayounganisha kasha na laini ya umeme. Kapasita hiyo ikipata shoti, kasha zima linakuwa na umeme, na ampu ya namna hiyo iwekewe waya wa pini tatu na fundi kabla haijapigwa tena.

Unachoweza kufanya ni kuchomeka ampu na mikisa kwenye chanzo kimoja chenye arthi ya kweli, iliyopimwa na fundi umeme. Sponji ya maiki inapunguza mguso lakini si tiba. Kwenye jenereta uliza kama imefungwa arthi, na usikubali jibu la “mbona jana tulipiga”.

“Swichi ya mguu haibadilishi chaneli”

Kwanza hakikisha ampu yako inabadilishwa kwa mguu. Ampu ya Vox AC15C1, kwa mfano, ina chaneli mbili za matundu mawili tofauti. Swichi yake ya mguu huwasha na kuzima riveba na tremolo tu, na nobu za besi na trebo zinahusu chaneli ya Top Boost peke yake. Anayezungusha besi akiwa kwenye chaneli ya Normal na asisikie mabadiliko hana ampu mbovu.

Kwa ampu zinazobadilishwa, tazama kitufe cha mbele. Kwenye nyingi, swichi ya mguu hufanya kazi kitufe hicho kikiwa upande mmoja tu. Kisha aina ya swichi: pedali ya sasteni ya kinanda hurudi ikiachiwa, kwa hiyo chaneli itabadilika wakati umeikanyaga na kurudi ukinyanyua mguu. Kama swichi ina vitufe viwili, waya wake mara nyingi ni wa stirio, wenye mistari miwili myeusi kwenye jeki. Waya wa gitaa wa mstari mmoja utaendesha kitufe kimoja.

Kwenye ampu za kisasa unaweza kuipima bila swichi. Chomeka waya wa gitaa kwenye tundu la swichi ya mguu, na upande wa pili gusisha ncha ya jeki na shina lake kwa kipande cha waya. Chaneli ikibadilika, ampu ni nzima, na swichi au waya wake ndio mbovu. Isipobadilika, huenda ni rilei au umeme mdogo unaoiendesha, na huo ni ufunguzi wa ndani.

Kishindo kidogo wakati wa kubadili si ugonjwa. Kishindo kikubwa kinachoongezeka wiki hadi wiki ni dalili ya kapasita inayovujisha.

“Inakwaruza, sauti inakuja na kupotea”

Ikikwaruza unapozungusha nobu, ni vumbi na kutu. Ampu ikiwa imezimwa, zungusha nobu hiyo mwisho hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Nobu ileile ikirudia baada ya kusafishwa na fundi, huenda DC inavujia humo kupitia kapasita.

Ikikwaruza bila kuguswa, tikisa waya wa gitaa, kisha waya wa spika. Baada ya hapo shughulikia miguu ya valvu: zima, chomoa, subiri, shika kila valvu chini karibu na soketi, ivute na kuirudisha wima mara mbili au tatu bila kuizungusha. EL84 na 12AX7 zote zina pini tisa na nafasi moja iliyoachwa wazi. Pini zikikataa kuingia, usilazimishe, tazama hiyo nafasi. Ilivyo miji ya pwani, kuvutavuta huku kumeponya ampu nyingi kuliko valvu mpya.

Mpasuko wa mara kwa mara kama wa mafuta kikaangoni, unaobaki hata baada ya kubadilisha valvu za mbele, ni rezista iliyochoka ndani. Hapo ni chuma cha kulehemu, na fundi.

“Chaneli ya geini inapiga mluzi au kengele”

Punguza geini kwanza. Chumba kidogo, geini ya kumi, na gitaa mbele ya spika lazima vipige mluzi.

Mluzi ukibaki gitaa likiwa limechomolewa, kuna valvu inayogeuka kuwa maiki. Ampu ikiwa imewaka na sauti iko chini, gonga kila 12AX7 taratibu kwa penseli ya mbao. Zote hutoa “tk” kwenye chaneli ya geini. Ile inayolia kama kengele na kuendelea kulia ndiyo mbaya. Zima, acha ipoe, ihamishe iende nafasi ya nyuma ambako sauti haikuzwi sana, na ile ya nyuma ilete mbele. Umejua ipi na hujatumia hata senti. Vikofia vya chuma vinavyofunika valvu hurudishwa baada ya kazi, si mapambo.

“Haina nguvu kama zamani”

Pima umeme wa ukutani kabla ya kitu chochote. Jioni, majirani wote wakiwasha, volti ikishuka kutoka 230 hadi 190, ule umeme wa 6.3 unaopasha nyuzi za valvu unakuwa 5.2, na ule mkubwa wa ndani wa 320 unakuwa 264. Ampu itapiga, lakini imelegea, na saa tano usiku itapona yenyewe. Stabilaiza nzuri inasaidia.

Kama volti ni sahihi, rudia kile kipimo cha waya mfupi wa SEND na RETURN, maana tundu lenye kutu huweza kupunguza sauti bila kuikata. Kisha valvu za nguvu: moja ikifa, ampu huendelea kupiga kwa mwenzake, sauti nyembamba na mvumo juu.

Riveba ikipotea peke yake, tikisa ampu kidogo. Ukisikia kishindo cha springi, upande wa kurudi ni mzima, tazama waya mwembamba wa upande wa pili kwenye tangi la springi. Kombo zikibebwa vibaya huchomoka.

“Valvu imekuwa nyekundu”

Uzi wa katikati kuwa wa chungwa ni kawaida. Mwanga wa buluu unaochezacheza kwenye kioo cha valvu ya nguvu nao ni kawaida, ingawa unatisha mara ya kwanza. Kisicho cha kawaida ni lile bamba la kijivu kuwa jekundu kama koili ya jiko la umeme. Zima mara hiyo, usisubiri mwisho wa wimbo. Bamba la EL84 linaruhusiwa kubeba wati 12, na likiwa jekundu limevuka hapo na linaelekea kuunguza transfoma.

Ikipoa, badilishana nafasi za valvu mbili za nguvu, washa ukiwa umeinama unaziangalia, mkono kwenye swichi. Wekundu ukihama na valvu, valvu imekufa. Wekundu ukibaki kwenye soketi ileile, au zote mbili zikiiva, kapasita au bayasi ndiyo chanzo, na valvu mpya zitaungua vilevile. Kipimo hiki hufanywa mara moja tu.

Valvu ambayo madoa yake ya fedha kwenye kioo yamegeuka meupe kama maziwa imeingiwa na hewa. Itupe. Moshi, harufu ya kuungua, au nta inayotiririka kutoka kwenye transfoma: plagi itoke na isirudi.

Ukiipeleka kwa fundi

Mafundi wa simu ni wengi, wa valvu ni wachache. Muulize anamwagaje umeme wa kapasita kabla ya kuingiza mkono. Asiyekuwa na jibu la haraka asipewe. Waliowahi kutengeneza redio za valvu wanaifahamu sakiti hii vizuri, hata kama hawajawahi kushika gitaa.

Peleka ampu pamoja na waya wake wa umeme, swichi ya mguu, transfoma ya kushushia kama unaitumia, na karatasi yako ya vipimo. Omba vipuri vya zamani urudishiwe. Na kama ampu ni kichwa peke yake, beba na spika yako. Fundi asiyekuwa na spika ya omu zinazolingana anaweza kushawishika kuiwasha hivyohivyo “tuone tu kama inawaka”.